Kadi ya Mzee Barafu

Fundi alimkuta baba yake mezani, miwani puani, akikata kidonge cha presha kwa wembe. Alikikata taratibu kama mtu anayegawa almasi. Nusu moja akaimeza kwa maji, nusu ya pili akairudisha kwenye kichupa na kufunga kifuniko.

"Baba, unafanya nini?"

"Nameza dawa."

"Daktari alisema kidonge kizima."

"Hakusema kiingie chote kwa mkupuo. Nusu leo, nusu kesho. Na presha yenyewe siku hizi imebaki nusu."

Fundi hakucheka. Alikuwa na pini midomoni, kwa sababu barazani kulikuwa na gauni la mteja linalosubiri pindo. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya blauzi yake. Waliomfahamu walijua kwamba fundi huyu hutoa pini mdomoni pale tu anapotaka kusema jambo zito.

"Pensheni iko wapi, Baba?"

"Imechelewa."

"Mwezi wa ngapi huu inachelewa? Jirani yetu dereva mmestaafu pamoja, juzi kanunua redio."

"Madereva huwahi kufika," Mzee akasema, akakunja kipande cha karatasi alichokatia kidonge.

Mtaani walimwita Mzee Barafu. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha maiti cha hospitali kuu tangu ujana wake mpaka walipommwagia maneno mazuri, wakampa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Watu walimheshimu sana, lakini kwa mbali. Harusini alipewa kiti kizuri, na viti viwili vya pembeni yake vikabaki vitupu. Yeye hilo halikumkera. Alikuwa akisema kwamba katika kazi yake yote hajawahi kupata mteja aliyelalamika, na ni wafanyakazi wangapi wa serikali wanaoweza kujisifu hivyo?

"Nipe kadi ya benki," Fundi akasema. "Naenda kuangalia mwenyewe."

"Kadi iko mahali salama."

"Wapi?"

"Kwenye droo."

"Droo gani? Humu ndani droo ni moja, na nimeweka vifungo."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Droo ya Madamu," akasema.

Fundi akaketi, tena juu ya pasi. Bahati nzuri ilikuwa imepoa.

Hakuna aliyekuwa hamjui Madamu. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na alikopesha wastaafu peke yao. Vijana hukimbia, alisema, lakini mstaafu atakimbilia wapi na magoti yale? Masharti yake yalikuwa mepesi. Hakutaka hati ya nyumba wala mdhamini. Uliacha kadi yako ya benki na namba ya siri, basi. Siku ya pensheni mtu wake alikwenda kwenye mashine ya pesa na furushi la kadi zilizofungwa mpira, akatoa zote, Madamu akachukua chake, kisha mwenye kadi akapewa kilichobaki. Kilichobaki kiliitwa nauli.

"Ulikopa ya nini?"

Mzee akatazama dari, ambako hakukuwa na chochote isipokuwa doa la mvua. "Sikukopa mimi."

Haikuhitajika kuuliza zaidi. Fundi alikuwa na mdogo wake mmoja tu.

* * *

Meneja alifika jioni, ananukia marashi, simu yake kubwa ameishika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga. Jina la Meneja walimpa mtaani kwa kuwa hakuwahi kuwa na bosi, wala mfanyakazi, wala ofisi, ila hakuwahi kukosa mkutano.

"Dada, kabla hujapandisha sauti—"

"Nilishapandisha. Ulikuwa hujafika tu. Pesa za Baba ulizifanyia nini?"

Ilikuwa biashara ya spika za kukodisha. Meneja alinunua spika mbili kubwa kama makabati kwa mtu aliyeapa kwamba zimetumika mara moja tu. Alichosema yule mtu kilikuwa kweli, ila hakutaja zilipotumika wala kama baada ya hapo zilipona. Harusi ya kwanza ndiyo ikawa ya mwisho. Bibi harusi alipokuwa anakata keki, spika zilikohoa, zikatoa moshi, zikakata roho. Meneja alitoka kupitia dirisha la jikoni.

"Biashara ni kupanda na kushuka, dada."

"Yako imepanda lini? Nitajie siku, niiwekee alama."

"Nilimwambia Baba ni miezi sita tu. Nilikuwa na mahesabu."

"Na Baba anakata vidonge kwa wembe! Hayo yalikuwemo kwenye mahesabu?"

Meneja aliinamisha uso. Hilo la vidonge hakulijua. Akamtazama baba yake, kisha akaizima simu yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Usimfokee," Mzee akasema. "Mimi ndiye niliyetia dole gumba. Hakunishika mkono."

"Lakini kwa nini, Baba? Wewe? Mtu wa kuhesabu mpaka njiti za kiberiti?"

Mzee akafikiri kidogo. "Alinijia na mpango," akasema. "Kazi yangu yote nimekaa na watu waliokwisha kumaliza mipango. Nikafurahi kuona mtu ana mpango."

Fundi alikwenda jikoni, akagonganisha sufuria kwa muda, bila kupika kitu.

* * *

Kesho yake walikwenda kwa Madamu, baba na binti. Benchi la wazee lilikuwa kwenye kibaraza kidogo mwisho wa ngazi, limejaa. Kulikuwa na bibi aliyewahi kuwa mpokea simu wa posta, na mzee mmoja fundi mabomba, na wengine ambao Fundi hakuwajua. Mwishoni kabisa aliketi Mwalimu, aliyemfundisha kusoma na kuandika. Mwalimu alipomwona akainua gazeti mpaka likamfunika uso. Lilikuwa kichwa chini, miguu juu. Fundi akajifanya anasoma bango la magodoro.

Madamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti laini. Feni iliyokuwa mezani kwake ilimpepea yeye tu. Pembeni alisimama mtu wake wa kukusanya madeni, mrefu kama nguzo ya simu, ambaye wazee walimbatiza Kumbusho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupita majumbani kukumbusha.

"Mzazi wangu!" Madamu akasema. "Umeifuata nauli ya mwezi uliopita? Si ulisema utaipitia?" Akafungua droo, akatoa noti mbili zilizochakaa.

Mzee Barafu akazipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Fundi alihisi kama amemeza pini. Huyu mzee hakuwahi kumwinamia hata mganga mkuu wa hospitali. Leo anashukuru kwa kupewa ukoko wa chungu chake mwenyewe!

"Madamu," akasema, "mkopo ulikuwa wa miezi sita. Huu ni mwezi wa tisa. Kwa nini hauishi?"

"Mama, deni ni kama mgonjwa. Lina hali yake." Madamu akageuza daftari ili naye aone. "Hii hapa ni faini ya kuchelewa."

"Atachelewaje na kadi unayo wewe?"

"Mwezi ule Kumbusho aliumwa tumbo, akaenda kwenye mashine baada ya siku mbili. Huko ni kuchelewa."

Kumbusho akajishika tumbo kidogo, kuthibitisha.

"Na hii?"

"Ada ya ukumbusho. Kijana akija nyumbani anatumia viatu."

"Anakuja kumkumbusha nini mtu ambaye pesa zake mnazitoa wenyewe?"

"Kumkumbusha kwamba hajamaliza. Wazee wanasahau, mama, tusiwalaumu. Na hii ni faini ya kutolipa ada ya ukumbusho."

Fundi akavuta pumzi. "Ondoa mapambo yote. Deni lenyewe, lile walilokubaliana, limebaki kiasi gani?"

Madamu hakupenda swali hilo. Alipanga kalamu, akapanga kikombe. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Rejesho moja."

"Basi tupe kadi. Rejesho tutaleta."

"Kadi hutoka deni likiisha, pamoja na mapambo yake." Akatabasamu. "Msalimie Meneja. Kijana mchangamfu sana yule."

* * *

Kutoka pale Fundi hakumpeleka baba yake nyumbani. Alimvusha barabara mpaka benki, na njiani akamfundisha maneno.

"Utasema kadi imepotea."

"Haijapotea. Najua ilipo."

"Baba, uongo mdogo tu, wa kumeza na mate."

"Mimi nimejaza daftari la maiti maisha yangu yote. Aliyekufa kwa pombe nimeandika pombe, mjane analia nimeandika pombe. Leo nianze kudanganya kwa ajili ya plastiki?"

"Basi usiseme kitu! Nitasema mimi."

Lakini dirishani aliyetakiwa kusema ni mwenye akaunti. Karani alikuwa binti mwenye miwani mikubwa na uso wa mtu ambaye hajala tangu asubuhi. "Nikusaidie nini, mzee?"

Mzee akamgeukia binti yake. Fundi akamkanyaga mguu. Mzee akaondoa mguu.

Karani aliwatazama wote wawili, na bila shaka hii haikuwa mara yake ya kwanza kuona mzee na mwanawe wanakanyagana dirishani kwake. Akasogea karibu na kioo.

"Nitauliza tu, nawe ujibu. Kadi yako iko mikononi mwako sasa hivi?"

"Haiko."

"Unaweza kuipata?"

"Nimeiomba leo hii, nikanyimwa."

"Kuna mtu mwingine anayejua namba yako ya siri?"

Mzee alihesabu kwa vidole. "Anaijua Madamu. Anaijua Kumbusho. Na huenda mlinzi wa mashine, kwa sababu Kumbusho huisoma kwa sauti."

"Inatosha," karani akasema. "Kadi si kitu cha kuweka rehani, mzee. Naifunga. Mwezi huu utachukua pesa hapa kaunta kwa kitambulisho, uso wako na saini yako. Kadi mpya ikifika tutakupigia simu."

Akabonyeza kitufe kimoja. Hakikutoa hata mlio.

"Ndiyo imekufa?" Mzee akauliza.

"Imekufa."

"Haikuteseka," Mzee akasema kwa heshima.

Wakati wa kurudi alitembea wima kidogo, lakini alipofika nyumbani akaweka sharti. Rejesho lile moja litalipwa. Alilitolea neno, na neno lake hakutaka lioze. Ila mlipaji atakuwa Meneja. "Neno lilikuwa langu," alimwambia mwanawe kwenye simu, "lakini spika zilikuwa zako."

* * *

Siku ya pensheni ilipofika, Fundi alishindwa kushona mshono ulionyooka. Karibu na saa sita alimsikia Kumbusho kabla hajamwona.

"Mzee Barafu! Mdaiwa sugu! Toka nje!"

Redio za majirani zikapunguzwa sauti, kwa adabu, ili kila mtu asikie vizuri. Kumbusho alikuwa ametota jasho. Mashine ya pesa ilikuwa imeimeza kadi ya Mzee, halafu ikaandika kwamba haifanyi kazi, ikamwacha amesimama na furushi la kadi za wenzake ambazo hakuwahi hata kuzifungua mpira.

"Mmeniaibisha benki! Mlinzi kanicheka! Baba yako ni tapeli."

"Punguza sauti, wateja wangu wanapita."

"Wateja?" Kumbusho akaitazama cherehani. Akaizungukia, akaikumbatia, akaiinua pamoja na miguu yake ya chuma. Gauni la watu likaburuzika chini. "Hii naondoka nayo."

Fundi akaishika kwa upande wa pili. Hiyo cherehani ndiyo iliyokuwa unga, ndiyo sabuni, ndiyo dawa za Baba. "Lete amri ya mahakama," akasema. "Huna amri, weka chini."

"Amri ni mimi!"

Ndipo Mzee Barafu alipotoka, amevaa fulana ya ndani, taulo begani na kikombe mkononi. Alimtazama Kumbusho kuanzia unyayoni, akapanda polepole mpaka utosini, akashuka tena, akatikisa kichwa.

"Unanitazamia nini?" Kumbusho akauliza.

"Samahani, mazoea ya kazi. Wewe ni mrefu sana. Droo zetu zilikuwa fupi. Watu wa kimo chako walitusumbua, ilibidi tuwakunje magoti, na yakishakakamaa, mwanangu, hayakunjiki kwa ustaarabu."

Jirani mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kumbusho aliishusha cherehani chini taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Mzee, usinitabirie."

"Sitabiri. Huko mnakuja wote, hata Madamu. Una kiu? Nikuletee maji?"

Kumbusho alikitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwa mzee, akayatazama na yale mabega yaliyobeba nusu ya mji, akasema hana kiu, ingawa ulimi ulimkauka.

Wakati huo Meneja akaingia uwanjani, mbio, bila marashi. Kwa mara ya kwanza mikono yake haikushika simu kubwa. Alikuwa na kisimu kidogo cha tochi, na mkononi noti zilizokunjwa.

"Nimeiuza," alimwambia dada yake. "Na maboksi ya spika kanunua mfugaji, kuku watatagia humo. Rejesho limetimia."

Fundi alikuwa amemwandalia matusi ya wiki nzima. Akayatafuta, hakuyaona. "Umekula?" akamwuliza.

"Bado."

"Kuna wali kwenye sufuria," Mzee akasema, akivaa shati. "Kula, usindikize cherehani ya dada yako ndani. Sisi tunakwenda kulipa. Wewe nguzo, tangulia."

* * *

Benchi lilikuwa limejaa kuliko siku ile. Wazee walikuwa wanamngoja Kumbusho awaletee nauli zao, na alipopanda ngazi mikono mitupu wakaguna. Madamu alimwita ndani, akafunga mlango nusu.

Mzee Barafu aliweka noti mezani moja moja, akamwomba Madamu azihesabu kwa sauti. Madamu akazihesabu. Hakuna iliyopungua.

"Na faini, mzazi wangu?"

"Faini twende kwa hakimu. Nitamweleza kwamba nilichelewa kulipa kwa sababu mtu wako aliumwa tumbo, kadi yangu ikiwa mfukoni mwake na namba yangu kichwani mwake. Mahakimu wana kazi ya huzuni. Huyu atacheka."

Feni ilizunguka. Madamu akaelekea kumtazama Fundi, akaona pini zimo kwenye kola, si mdomoni, akabadili mawazo.

"Hakuna haja ya mahakama," akasema. "Hapa sisi ni familia."

"Familia ninayo. Ndiyo iliyonileta hapa. Niandikie kwamba nimemaliza."

Aliandika. Mwandiko wake, uliokuwa mzuri siku zote, siku hiyo ulilala chali. Fundi alisoma kila neno mara mbili, akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani. Hakusema asante. Na Mzee pia, safari hii, hakusema asante wala hakuinama. Aliaga kama watu wanavyoagana, akatoka, na nyuma yao wakamsikia Madamu akianza kumwuliza Kumbusho kwa nini hakwenda mashine ya sokoni, na Kumbusho akieleza habari za droo.

Kwenye kibaraza, gazeti la Mwalimu lilishuka. Macho yake na ya Fundi yakakutana.

"Shikamoo, Mwalimu," Fundi akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mwalimu alisafisha koo, akamgeukia Mzee. "Wamekuachia? Ulifanyaje?"

"Benki waliniuliza kama kadi iko mikononi mwangu," Mzee Barafu akasema. "Nikasema haiko."

"Basi?"

"Basi. Dirisha la tatu, binti mwenye miwani mikubwa. Hata kusema uongo huhitaji. Ila wahi, pesa zenu bado zimo, mtu wenu hajazitoa. Mfukoni una kitambulisho?"

Mwalimu akapapasa mfuko wa shati. Alikuwa nacho. Bibi wa posta naye alikuwa nacho, kwenye kitambaa alichofunga kiunoni, na fundi mabomba akakitoa cha kwake kwenye soksi. Kwa muda hakuna aliyesogea. Ndani ya ofisi sauti laini ya Madamu ilikuwa inaanza kupoteza ulaini.

Mwalimu alikunja gazeti mara nne. Akashika ukuta, akasimama, magoti yakalia kama kuni kavu. Bibi wa posta akamwomba fundi mabomba mkono. Benchi lote likainuka, vipande vipande, kwa kuguna na kuvutana, fimbo zikigonga vigae, kisha msururu ukaanza kuteremka ngazi, mguu mmoja, wa pili, pumzi kidogo, mguu mmoja.

Mlango ukafunguka. Madamu akaona benchi tupu, na chini ngazini migongo.

"Wazazi wangu! Jamani! Mnakwenda wapi?"

"Kujisaidia," Mwalimu akasema.

"Wote kwa pamoja?"

Bibi wa posta hakugeuka. Alikuwa anatafuta ngazi inayofuata kwa ncha ya kiatu.

"Umri huu, mwanangu," akasema, "haja ikimshika mmoja imetushika wote."